Ubichi si Uchanga: Muziki wa Graindikoo na Uziwi wa Wahakiki

Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili una desturi moja kongwe. Kila kinapozuka kitu kipya, huulizwa kwanza iwapo kitu hicho ni sanaa, na aghalabu jibu hutolewa kabla ya kitu chenyewe kusikilizwa. Ndivyo ilivyokuwa wakati wa mgogoro wa ushairi katika miaka ya sabini. Euphrase Kezilahabi alipoichapisha diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, wanamapokeo walimhukumu kwa kukosa vina na mizani, na sheria alizokuwa amezikusanya Kaluta Amri Abedi mwaka 1954 ziligeuzwa: badala ya kuwa mwongozo wa mtunzi, zikawa hati ya mashtaka. Leo ni vigumu kuufundisha ushairi wa Kiswahili bila kumtaja Kezilahabi. Waliomshtaki wamesahaulika, lakini tabia yao ingali hai.

Tabia hiyo inajidhihirisha upya kwa mintarafu ya muziki uitwao graindikoo. Huu ni muziki uliozaliwa Uingereza na Marekani katika miaka ya themanini kutokana na ndoa ya panki na metali: nyimbo fupi mno, mwendo wa kasi ya kutisha, gita lililokwaruzwa kwa umeme hadi likanguruma, na sauti ya mwimbaji inayobwekwa au kupigwa mayowe. Muziki huu umekwisha kufika Nairobi. Mwaka 2020 Wakenya wawili wanaojiita Duma walitoa albamu yenye jina hilo hilo, nayo ikajadiliwa kwa kina katika majarida ya muziki ya Ulaya na Marekani. Katika uhakiki wa Kiswahili, ambao unadai kuwa nyimbo za watu ni mali ya fasihi simulizi, mwangwi wake haukusikika.

Kimya hicho kinapovunjwa, huvunjwa kwa hukumu tatu: kwamba maneno ya nyimbo hizi hayasikiki, kwamba hazina sheria, na kwamba ni ugeni ulioazimwa. Makala haya yanadai kwamba hukumu hizo zote ni za uvivu. Ubichi wa muziki huu ni kaida iliyochaguliwa na kulindwa, wala si uchanga wa wasiojua kazi yao. Lakini makala haya yanadai pia kwamba wanaoutetea kwa kuusifu kama hasira tupu ya vijana wanautendea dhuluma ile ile wanayoutendea maadui zake.

Chimbuko la Ubichi

Bendi ya Napalm Death iliundwa mwaka 1981 na vijana wadogo wa kijiji cha Meriden, karibu na Coventry, nayo ikakulia katika mji wa Birmingham. Ilikuwa Uingereza ya Margaret Thatcher. Viwanda vya eneo hilo vilikuwa vikifungwa, wasio na kazi nchini walikuwa wamepita milioni 3, na mwaka 1984 wachimba makaa ya mawe walianza mgomo uliodumu karibu mwaka mzima na kuishia katika kushindwa kwao. Panki ya vijana hao ilitoka kwa bendi kama Discharge na Crass, ambazo ziliimba dhidi ya vita, silaha za nyuklia na tamaa ya makampuni makubwa. Walichokiongeza ni kasi, na kasi hiyo ilikuwa hoja.

Santuri yao ya kwanza, Scum, ilitolewa mwaka 1987 na Earache, kampuni ndogo ya Nottingham. Ina nyimbo 28 katika dakika zipatazo 33. Upande wake wa kwanza ulirekodiwa Agosti 1986 katika studio moja ya Birmingham, katika kikao cha usiku, kwa gharama ya pauni 50. Upande wa pili ulirekodiwa Mei 1987, na kufikia wakati huo bendi ilikuwa imevunjika na kuundwa upya, hata ikawa mpiga ngoma, Mick Harris, ndiye peke yake anayesikika katika pande zote mbili. Harris huyo ndiye anayetajwa kuwa aliyeupa muziki huu jina lake.

Takwimu hizi zina uzito kwa mhakiki. Pauni 50 hazinunui marudio. Bendi inayorekodi kwa usiku mmoja haiwezi kuurekebisha wimbo kwa wiki nzima, wala kuificha kasoro ya mpiga gita chini ya tabaka za sauti nyingine. Yaliyopigwa ndiyo yaliyonaswa. Kwa hiyo wanaodhani kwamba ubichi wa santuri hii unaashiria kutojua wameisoma ishara kinyume: studio ghali humsitiri mpigaji dhaifu, studio duni humfichua. Wapigaji wa Scum waliingia wakiwa wameshazizoea nyimbo zao kwa mazoezi na maonyesho ya baa, kama manju anavyouingia uwanja akiwa na wimbo wake kichwani.

Nyenzo za usambazaji nazo zilikuwa za aina hiyo hiyo. Kabla ya santuri kulikuwa na kanda, zilizonakiliwa nyumbani na kutumwa kwa posta kutoka mji hadi mji na kutoka nchi hadi nchi. Wasambazaji walipaka gundi juu ya stempu ili muhuri wa posta uweze kuoshwa na stempu itumike tena. Bendi mbili zisizo na fedha zilichangia santuri moja, kila moja ikachukua upande wake. Kundi la Repulsion la Flint, Michigan, mji ulioishi kwa viwanda vya magari, lilirekodi nyimbo za Horrified mwaka 1986. Kanda zake zilizagaa kwa mikono ya wasikilizaji, na albamu haikutolewa rasmi hadi mwaka 1989. Waliofanya hisani hiyo walikuwa wanamuziki wenzao wa bendi ya Carcass ya Liverpool. Huu ni uchumi wa ushirika, na wanaofundisha juu ya manju na hadhira wanapaswa kuutambua mara moja.

Hukumu ya Kwanza: Maneno Hayasikiki

Hukumu hii ndiyo inayorudiwa zaidi, na inaonekana kuwa na nguvu mbele ya walimu wa fasihi, maadamu kazi yao ni kuchambua maneno. Wimbo usiosikika maneno, husemwa, umejiondoa wenyewe katika fasihi.

Historia ya Waswahili wenyewe inaikanusha. Taarab ya Zanzibar ilipokuwa burudani ya jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Watu wengi wa kisiwa hicho hawakukijua Kiarabu cha nyimbo, na hakuna anayedai kwamba taarab ilianza kuwa sanaa siku Siti binti Saad alipoiimba kwa Kiswahili na kuinasa katika sahani mwaka 1928. Katika ngoma za pepo, lugha ya aliyepandwa mara nyingi haifahamiki kwa waliohudhuria, nao hawaondoki. Katika msiba, nduru ya kwanza haina neno hata moja, lakini kijiji kizima kinaielewa. Uelewa wa wimbo hauishii katika kamusi.

Zaidi ya hayo, si kweli kwamba graindikoo haina maneno. Bendi nyingi huyachapisha maneno yake katika karatasi inayoambatana na kanda au santuri. Msikilizaji husoma anachokisikia, na kati ya jicho na sikio panatokea kazi ambayo wimbo mwepisi haumpi. Anaona kwenye karatasi kauli iliyonyooka juu ya njaa au vita, kisha anasikia kauli hiyo ikitoka kooni imevunjika. Mvunjiko huo ni sehemu ya maana. Unadai kwamba jambo linalosemwa haliwezi kusemwa kwa sauti ya kawaida bila kugeuzwa uwongo.

Carcass wanatoa mfano mwingine. Albamu yao ya Reek of Putrefaction ya mwaka 1988 ilichota msamiati kutoka katika vitabu vya tiba, ikaueleza mwili wa binadamu kwa istilahi baridi za chumba cha maiti. Wanabendi wenyewe hawakuridhika na jinsi ilivyorekodiwa. Hata hivyo mtangazaji John Peel wa BBC aliitaja kuwa albamu aliyoipenda kuliko zote za mwaka huo. Wapinzani husema msamiati huo ni wa kutisha watoto. Hawaelezi kwa nini vijana wasiokula nyama waliuchagua. Mwili wa mtu unapoelezwa kama nyama ya buchani, mlaji hulazimika kulitazama upya sinia lake. Hiyo ni tashtiti, na mwanafunzi yeyote wa mtindo angeiona endapo ingekuwa katika riwaya.

Hukumu ya Pili: Hazina Sheria

Wanaosema kwamba graindikoo ni fujo isiyo na sheria hawajajaribu kuipiga. Msingi wake ni namna ya kupiga ngoma inayoweza kuitwa mapigo ya mlipuko: mkono mmoja kwenye ngoma ndogo, wa pili kwenye matoazi, mguu kwenye ngoma kubwa, vyote vikipishana au kuangukiana kwa kasi ambayo sikio halihesabu tena pigo moja moja bali husikia mfululizo kama mvua ya mawe juu ya bati. Mpigaji akikaza misuli, mkono hufa ganzi baada ya muda mfupi. Akiulegeza mno, pigo huteleza na gita hukosa pa kushika. Kasi hiyo haidumu wimbo mzima. Ghafla huvunjwa kwa mwendo mzito wa polepole, na bendi nzima sharti igeuke pamoja. Wanne wasiokuwa na nidhamu hawawezi kugeuka pamoja.

Ufupi nao ni sheria. Wimbo wa Napalm Death uitwao You Suffer una urefu wa sekunde 1.316, na kitabu cha rekodi cha Guinness kimeutambua kuwa wimbo mfupi kuliko yote iliyorekodiwa. Wengi huutaja kwa kicheko, na bila shaka wanabendi nao walikuwa wakicheka. Lakini umbo lake linastahili kutazamwa. Una maneno manne tu: kauli moja na swali moja. Umewekwa mwishoni mwa upande wa kwanza wa santuri, kwa hiyo baada ya swali hakuna wimbo mwingine wa kulifunika. Sindano inakwaruza pasipo kitu, na msikilizaji anapaswa kuinuka aigeuze santuri. Fasihi simulizi ya Kiafrika inalijua umbo hili. Kitendawili hutegwa, kisha mtegaji hunyamaza, na kimya hicho ni zamu ya hadhira. Tofauti ni kwamba kitendawili cha kimapokeo kina jibu lililokwisha kukubaliwa na jamii, ilhali kijana wa Birmingham aliulizwa swali ambalo jamii yake ilikuwa imeshindwa kulijibu.

Hakuna anayeshikilia kwamba methali ni dhaifu kuliko utenzi kwa kuwa ni fupi. Kwa nini basi ufupi uwe fadhila kwa methali na aibu kwa wimbo?

Hukumu ya Tatu: Ni Ugeni Ulioazimwa

Hukumu ya tatu hutolewa kwa jina la uzalendo. Husemwa kwamba kijana wa Nairobi apigaye graindikoo anaiga Wazungu, na kwamba uhakiki una wajibu wa kulinda mila. Wasemao hivyo husahau jinsi mila zenyewe zilivyojengwa. Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa mwaka 1728, unasimulia vita vya Waarabu na mfalme wa Rumi, Herekali. Taarab ilichota ala na mahadhi kutoka Misri. Ngoma za beni zilizovuma katika mwambao mwanzoni mwa karne ya 20 zilichukua tarumbeta, vyeo na gwaride la majeshi ya kikoloni, zikavitia katika mashindano ya mitaa ya Lamu na Mombasa. Kila kimoja kilikuwa kigeni kwa muda, kisha kikatiwa kazi ya wenyeji. Swali la haki ni je, kilichoazimwa kimefanyiwa nini?

Duma wanalijibu swali hilo. Martin Khanja, ajulikanaye kama Lord Spike Heart, na Sam Karugu walitoka katika bendi za metali za Nairobi. Albamu yao waliirekodi Kampala mwaka 2019, katika studio za Nyege Nyege Tapes, kampuni ya Uganda ambayo jina lake pekee huwafanya Waswahili waone haya. Hawakuwa na mpiga ngoma. Mapigo ya mlipuko, ambayo Harris aliyatoa kwa misuli, wao waliyatoa kwa mashine, na mashine haichoki. Kwa hiyo kasi ilipita mipaka ya mkono wa mtu, ikawa ni mngurumo wa karakana, na juu yake sauti moja ya binadamu ikapiga mayowe kama ya mtu aliyebaki peke yake ndani ya kiwanda. Huo si mwigo wa Birmingham. Birmingham iliomboleza viwanda vilivyofungwa. Hapa mashine ndiyo inayofanya kazi na mtu ndiye anayeshindana nayo.

Jina lenyewe ni somo. Wanamuziki hao wamelieleza kama neno la Kikikuyu lenye maana ya giza. Msikilizaji wa Kiswahili humsikia mnyama mwenye mbio kuliko wote. Giza na mbio: lugha mbili za Kenya zimekutana katika silabi mbili na kuueleza muziki mzima. Mmoja wa nyimbo za albamu unaitwa Pembe 666, nusu Kiswahili na nusu hesabu ya Ufunuo wa Yohana. Katika nchi ambayo mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani, jina la namna hiyo haliwezi kuwa pambo tu. Linachokoza hofu ambayo taifa liliwahi kuipa hadhi ya uchunguzi rasmi. Ni nani aliyepaswa kuyaona mambo haya kwanza kuliko mhakiki wa Kiswahili? Yalionwa na watu wasiokijua Kiswahili, tena nusu nusu.

Mwaka 2024 Lord Spike Heart alitoa The Adept chini ya kampuni yake mwenyewe, HAEKALU, jina ambalo sikio la Kiswahili haliwezi kukosa kusikia ndani yake hekalu. Ameihusisha kazi hiyo na Muthoni wa Kirima, jemadari wa Mau Mau aliyefariki mwaka 2023 na ambaye ni mzee wa ukoo wake. Wanaozungumza juu ya ugeni hawana budi kueleza ni mila ipi ya Kenya iliyo ya wenyeji kuliko msitu wa Mau Mau.

Watetezi Wasiotetea

Wako wahakiki wengine, aghalabu wa umri mdogo, wanaoupenda muziki huu na kuusifu kwa neno moja: hasira. Graindikoo, wasema, ni sauti ya vijana waliokata tamaa. Utetezi huu una hatari mbili.

Kwanza, unamfanya mtunzi kuwa dalili ya ugonjwa. Daktari hamsifu mgonjwa kwa ustadi wa kukohoa. Ukiisha kusema kwamba wimbo ni hasira, huna tena haja ya kuuliza kwa nini mapigo yalivunjwa hapa na si pale, au kwa nini sauti nzito ilifuatwa na sauti kali. Fani imetupwa, na maudhui yamebaki neno moja.

Pili, utetezi huo hauwezi kutofautisha kazi njema na kazi mbovu, kwani hasira wanayo wote. Na kazi mbovu zipo nyingi. Ziko bendi zenye vifaa vizuri ambazo huichafua sauti yao makusudi ili zionekane za chinichini. Kwao ubichi umekuwa vazi. Liko pia tawi zima la muziki huu ambalo limeuchukua mwili uliokatwakatwa wa Carcass, likauvua tashtiti yake, na kuubakiza mwili wa mwanamke ukiteswa kwa burudani. Kazi hizo hazitetewi na kasi wala na umaskini wa studio. Mhakiki aliyeisikiliza graindikoo kwa makini ndiye awezaye kuzilaani kwa haki, maana anajua ni kitu gani kilichosalitiwa. Aliyeikataa yote kwa jumla, na aliyeikubali yote kwa jumla, hawana la kusema hapa.

Kipimo kinachofaa kinatokana na chimbuko la muziki wenyewe. Ubichi ulikuwa njia ya wasio na kitu kumiliki kazi yao kuanzia kamba ya gita hadi bahasha ya posta, bila ya kumwomba ruhusa mwenye studio kubwa wala mwenye kituo cha redio. Palipo na umiliki huo, na palipo na nidhamu inayoustahili, ubichi una maana. Pasipo na hayo, ni kelele kweli.

Hitimisho

Wakusanyaji wa fasihi simulizi walizunguka vijijini na vinasa sauti wakizinasa ngano na nyimbo za jando kabla wazee waliozijua hawajafariki. Kazi hiyo iliheshimiwa kwa kuwa kila mmoja alitambua kwamba wimbo usionaswa hupotea. Muziki wa bendi ndogo za Nairobi unapotea kwa njia ile ile: kwa maonyesho ya usiku mmoja, kwa nakala chache, kwa bendi zinazovunjika kabla ya kurekodi. Kilichohifadhiwa vizuri kimehifadhiwa na kampuni ya Kampala na kuelezwa na waandishi wa ng'ambo. Mwanafunzi wa Kenya atakayetaka kuuandikia tasnifu miaka 20 ijayo atalazimika kunukuu wageni juu ya jirani yake, kama vile mtangulizi wake alivyolazimika kunukuu wamisionari juu ya methali za nyanya yake.

Hilo ndilo deni lililopo. Haliwadai wahakiki waupende muziki huu. Linawadai wausikilize hadi mwisho, waombe karatasi ya maneno, waulize nani alirekodi, wapi, kwa fedha za nani, kisha ndipo watoe hukumu. Napalm Death walihitaji sekunde 1.316 kuuliza swali lao. Mhakiki ambaye hawezi kunyamaza kwa muda huo hana haki ya kulalamika kuhusu kelele za wengine.